Anzia Palipo Pazima

Mwaka wa kwanza wa kikundi chetu cha kujitolea tulifyeka mteremko mzima wa lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia mapori, kwa siku mbili, tukapiga picha mbele ya rundo la matawi lililotuzidi kimo, na tukarudi nyumbani tukiamini kwamba tumeliokoa pori. Mvua za kwanza ziliponyesha, udongo tuliouacha mtupu uliteremka hadi kwenye kijito, maji yakabadilika rangi, na wiki chache baadaye mteremko ule ulikuwa umefunikwa na miche ya lantana iliyosongamana kuliko vichaka tulivyoviondoa. Visiki navyo vilichipua, na pale palipokuwa na shina moja yakatoka machipukizi manne au matano. Naanza na habari hii kwa sababu naamini vikundi vingi hupitia kosa hilohilo na vingine huvunjika hapo hapo, vikidhani kwamba kazi yenyewe haiwezekani, ilhali kilichokosewa ni mahali pa kuanzia.

Lantana haikufika porini kwa hila yoyote. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na watu waliisafirisha kwenda sehemu nyingine za dunia kwa ajili ya uzuri wa maua yake, wakaipanda bustanini na kwenye ua, hadi leo imevamia maeneo makubwa ya Afrika, Asia na Australia. Ndege hula matunda yake madogo yaliyoiva na kuzidondosha mbegu mbali na mahali zilipotoka. Majani yake yana sumu, kwa hiyo mifugo mingi huyaepuka na kuendelea kula mimea iliyo jirani, na kwa njia hiyo huisafishia lantana nafasi ya kukua. Kinachotuhusu zaidi sisi tunaong'oa, hata hivyo, ni kwamba mmea huu hupenda mwanga na udongo uliovurugwa. Hustawi kandokando ya njia, kwenye ukingo wa msitu, na katika pengo lililoachwa na mti ulioanguka, lakini hudhoofika sana penye kivuli kizito. Tulipoufyeka mteremko wote kwa mara moja, tuliondoa kivuli chote kilichokuwapo na tukaichimbua ardhi yote, yaani tuliiandalia lantana kitalu.

Aliyetuonyesha njia nyingine ni mwanachama mwenzetu, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amesoma habari za Joan na Eileen Bradley, ndugu wawili wa kike waliokuwa wakiishi Sydney, nchini Australia. Katika miaka ya 1960 akina dada hawa walikuwa na mazoea ya kutembea katika pori lililokuwa karibu na nyumbani kwao, na katika kila matembezi waling'oa magugu machache ya kigeni kwa mikono. Waliona kwamba pale magugu yalipofyekwa kwa wingi yalirudi kwa nguvu mpya, na pale wao walipong'oa kidogo kidogo, mimea ya asili ilijirudia yenyewe bila kupandwa na mtu. Kutokana na uchunguzi wao walitoa kanuni tatu ambazo hadi leo hufundishwa kwa watu wanaojitolea kurejesha uoto wa asili: kazi ianzie palipo pazima na kuelekea palipoharibika; ardhi ivurugwe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na majani makavu yarudishwe yalipokuwa; na kasi ya kung'oa iamuliwe na kasi ya mimea ya asili kurudi, isiamuliwe na hamu ya wanaong'oa.

Kanuni ya kwanza ndiyo iliyotupa shida kuikubali, kwa maana inapingana na kila kitu ambacho macho hutuambia. Mtu anapofika kwenye ukingo wa pori letu, kitu cha kwanza anachokiona ni ukuta wa lantana, na huuliza kwa nini watu wazima wenye majembe wanaupita ukuta huo na kwenda kuinama ndani kabisa, mahali ambapo yeye haoni tatizo lolote. Jibu ni kwamba ndani kule ndiko kwenye mali. Pale udongo bado umejaa mbegu za mimea ya asili, kuvu na wadudu wake bado wapo, na miti mikubwa bado inatoa kivuli; magugu yakiwa machache, saa moja ya kazi inatosha kulikomboa eneo ambalo, likiachwa kwa miaka michache, litahitaji watu wengi na miaka mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sijaona mahali ambapo usemi huo unakuwa kweli kwa maana yake halisi kama katika kazi hii. Ukuta wa lantana ulioko ukingoni tayari umeshajengwa, utangoja. Ufa ulioko ndani hautangoja.

Kung'oa kwenyewe kuna namna yake, na nitaieleza kwa urefu kidogo kwa kuwa hapa ndipo mtu mwenye nia njema anapoweza kuharibu bila kujua. Mche mchanga hushikwa chini kabisa, karibu na udongo, huku kidole cha mkono wa pili kikiibana ardhi iliyo pembeni ili isinyanyuke, kisha huvutwa taratibu kwa kufuata upande ambao mzizi umeelekea. Ukivuta kwa ghafula, shina hukatika na mzizi hubaki. Udongo ulioshikamana na mizizi hukung'utiwa palepale shimoni, majani makavu yaliyosogezwa hurudishwa, na mahali pale hupapaswa kwa kiganja mpaka mtu mwingine akipita asijue kwamba kulikuwa na kazi. Mmea ulioondolewa hutundikwa kwenye tawi, mizizi ikiwa juu, ili ukauke badala ya kugusa ardhi na kushika tena. Kichaka kikubwa hukatwa kwanza matawi, kisha shina lake huchimbuliwa kwa sururu ndogo, na kama kipo kwenye mteremko mkali huachwa na baadhi ya mizizi yake hadi mimea mingine iwe imeushika udongo. Mwanachama mpya kwetu hupewa mmea mmoja tu wa kuujifunza katika asubuhi yake ya kwanza, naye huonyeshwa jani lake, harufu yake, shina lake lenye pembe nne na mche wake wa majani mawili, pamoja na mmea wa asili unaofanana nao kwa mbali. Mtu asiyeweza bado kutofautisha hiyo miwili hapewi chombo chochote chenye makali, na hakuna aliyewahi kuona uchungu kwa sababu hiyo.

Najua kwamba maneno nitakayoyasema kuhusu upandaji miti hayatawafurahisha baadhi ya wasomaji. Kupanda mti ni jambo jema, na kuna mahali ambapo hakuna njia nyingine, kwa mfano penye udongo uliokwanguliwa kabisa au palipo mbali na chanzo chochote cha mbegu. Lakini katika pori lililo hai, ambalo mbegu zake bado zimelala ardhini na ndege wake bado wanazileta nyingine, kupanda huwa hatua ya mwisho. Miche inayotoka mbali inaweza kubeba magonjwa ya udongo na mbegu za magugu mapya ndani ya viriba vyake, na mara nyingi aina zinazogawiwa ni zile zinazoota haraka kitaluni, ambazo huenda hazikuwahi kuota mahali hapo. Zaidi ya hayo, siku ya kupanda hukusanya umati, na umati ule hauonekani tena wakati wa kiangazi, ambapo miche inahitaji maji na palizi. Kikundi chetu kimeamua kutokufanya siku za namna hiyo. Anayetaka kulisaidia pori tunamwomba aje mara sita katika mwaka badala ya kuja mara moja na wenzake hamsini.

Zipo kazi nyingine ambazo hazihusu mimea. Njia ya miguu isipotunzwa hugeuka mfereji, na mfereji hugeuka korongo. Kwa hiyo tunaweka magogo kwa mshazari katika miteremko ili maji yatoke njiani na kuingia majanini kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Tunatafuta pia mitego ya waya. Watu hutembea kwa safu, wakiwa wameachana kwa hatua chache, macho yakiwa chini kwenye vijia vya wanyama, kwa kuwa tanzi hutegwa pale ambapo mnyama hulazimika kupita, na rangi ya waya uliokaa muda mrefu hufanana na rangi ya vijiti. Tanzi halichagui: huua aliyekusudiwa na asiyekusudiwa, na huendelea kuua hata baada ya aliyelitega kulisahau. Kazi hii hatuifanyi bila kuwa na askari wa hifadhi, wala hatumfuati mtu yeyote tunayemkuta porini, maana mtu aliyejitolea hana mamlaka ya kukamata na hapaswi kuyahatarisha maisha yake wala ya mwenzake.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuhesabu. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege wa Marekani, Frank Chapman, alipendekeza kwamba siku ya Krismasi, ambayo watu wengine waliitumia kushindana kwa kupiga ndege risasi, itumike badala yake kuwahesabu wakiwa hai. Mwaka huo walijitokeza watu 27 katika vituo 25 vya Marekani na Kanada, na hesabu hiyo haijakoma tangu wakati huo. Thamani yake imetokana na urefu wa muda, kwa sababu hesabu ya siku moja haimwambii mtu mengi, lakini hesabu ya mahali palepale, kwa utaratibu uleule, kwa miaka mingi, huonyesha ni ndege gani anayepungua kabla hajatoweka. Sisi tumechagua vituo vichache tu. Katika kila kituo, baada ya jua kuchomoza, mtu husimama kwa muda wa dakika kumi, huandika kila ndege anayemwona au kumsikia, na huandika pia mawingu, upepo, na saa aliyoanza. Karibu na kila kituo kuna jiwe tulilolitia alama ya rangi, na juu ya jiwe hilo hupigwa picha moja kila mwezi, kamera ikielekezwa upande uleule. Picha moja peke yake huchosha kuitazama, lakini zikipangwa kwa mfuatano wa miaka mitatu, mtu huona kwa macho yake kivuli kikirudi.

Kumbukumbu hizo zina kazi nyingine ambayo hatukuifikiria tulipoanza. Pori likishatamaniwa na mwenye nia ya kujenga, swali la kwanza huwa ni kitu gani kilichopo ndani yake, na mara nyingi anayelijibu kwanza ni yule anayetaka kulipata, naye huliita ardhi isiyotumika. Katika nchi nyingi sheria hutaka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi mkubwa, na huwapa wananchi muda maalumu wa kutoa maoni. Muda huo huwa mfupi, na tangazo lake halipigi hodi mlangoni kwa mtu. Kwa sababu hiyo mmoja wetu ana jukumu la kusoma matangazo ya serikali kila wiki, kazi ambayo haina jua wala hewa safi wala wimbo wa ndege, na kwa maoni yangu huenda ndiyo inayolilinda pori kuliko sururu zetu zote.

Kila tunapozungumza juu ya jambo hilo, Msitu wa Karura, ulioko Nairobi, Kenya, hutajwa. Ulikuwa hifadhi ya msitu tangu mwaka 1932, na bado sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa wajenzi binafsi katika miaka ya 1990. Mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, harakati ya upandaji miti aliyoianzisha mwaka 1977, walikwenda kupanda miche katika ardhi hiyo iliyogawiwa, na mwezi Januari 1999 Maathai alipigwa na kuumizwa kichwa mbele ya lango la msitu. Msitu ule upo hadi leo, na watu hutembea ndani yake. Kuhusu Karura nabadilisha niliyoyasema juu ya kupanda miti, kwani mche uliopandwa pale ulikuwa tamko la umiliki wa umma juu ya ardhi iliyonyakuliwa, na hakuna aina ya kung'oa magugu ambayo ingeweza kusema maneno hayo kwa sauti ile.

Mteremko tulioufyeka mwaka wa kwanza hatujaufyeka tena. Tulikwea juu yake, hadi kwenye ukanda wa miti ya asili uliobaki kileleni, na kutoka hapo tumekuwa tukishuka, tukichukua upana wa hatua mbili au tatu, kisha tukingoja msimu mzima tuone kinachoota. Panapoota nyasi na vichaka vya asili tunasogea chini. Panapoota lantana tunarudi kuing'oa ingali changa, na hatusogei. Kwa mwendo huo tumefika kwenye mwamba mkubwa uliogawa mteremko katikati. Juu ya mwamba sasa kuna kivuli cha kutosha kumlaza mtu adhuhuri, na mwezi uliopita tulikuta hapo miche ya mti mkubwa wa kileleni, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeipanda. Chini ya mwamba bado ni lantana tupu hadi kijitoni, na Jumamosi ijayo tutapiga magoti kwenye ukingo wake wa juu.