Kurudi kwa Shujaa: Sehemu Ambayo Gemu Nyingi Huiacha

Katika gemu za hadithi, jambo ninalolisubiri kwa hamu kuliko mapambano yote ni lile linalopaswa kutokea baada ya adui mkuu kuanguka, na mara nyingi halitokei. Adui huanguka, muziki hupanda, majina ya waliotengeneza gemu huanza kupita kwenye skrini, na mchezaji aliyetembea na shujaa kwa saa nyingi huachwa bila kuonyeshwa kijiji kimempokeaje, nani ameaga dunia akiwa hayupo, wala anaishije sasa na yale aliyoyaona huko alikokwenda. Kwangu huo ni upungufu mkubwa wa uandishi, na ningependa kueleza kwa nini.

Muundo unaotajwa zaidi na waandishi wa gemu, yaani safari ya shujaa, ulielezwa na Joseph Campbell, mwanazuoni wa visasili wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Campbell alilinganisha visasili vya mataifa mengi, akadai kwamba chini ya tofauti zao kuna hadithi moja yenye sehemu tatu: shujaa huondoka kwao, hupitia majaribu yanayombadilisha, kisha hurejea na kitu cha kuwafaa watu wake. Sehemu hizo alizigawa katika hatua 17. Katika miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi ya kupitia hadithi za filamu huko Hollywood, alizifupisha zikawa 12, na ufupisho huo ndio uliosambaa. Wengi wanaoutumia muundo huu hukumbuka wito, mlezi mwenye hekima, mlango wa kuvukia na pango la adui, lakini husahau kwamba Campbell aliipa safari ya kurudi nafasi yake kamili. Msikilizaji wa hadithi za pwani hashangai, kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Gemu zimeimudu vizuri kuondoka na kujaribiwa kwa sababu mambo hayo ni vitendo, na kitendo ndicho chakula cha gemu. Msomaji wa riwaya huambiwa kwamba shujaa amekuwa hodari. Mchezaji huwa hodari yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, na lango lililomshinda juzi leo analipita bila kufikiri. Kurudi hakuna adui wala alama za kukusanya, na hapo watengenezaji wengi hukata tamaa wakaweka filamu fupi ya kutazama, mchezaji akiwa ameweka chini padi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea.

Lakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Dragon Quest, gemu ya Kijapani iliyoandikwa na Yuji Horii na kutoka mwaka 1986, ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kumbukumbu, na bado ilipata mahali pa marejeo. Ukimshinda mfalme wa majoka, gemu haiishi. Unarudishiwa shujaa wako ukiwa mbali na kasri la mfalme aliyekutuma, na ni juu yako kutembea hadi huko. Katika nyika ambazo kila hatua chache zilileta jini wa kupigana naye, sasa hakitokei kitu. Wenyeji wa miji nao wana maneno mapya ya kukuambia. Mfalme anakupa kiti chake, na shujaa anakikataa, akisema ataondoka kutafuta nchi yake mwenyewe. Nyika ile iliyotulia inaeleza ushindi kuliko fataki zozote, kwa sababu mchezaji anakumbuka katika mikono yake jinsi ilivyokuwa ya kutisha.

Gemu iliyoufuata muundo wa Campbell kwa makusudi zaidi ni Journey, iliyotolewa mwaka 2012 na studio ya thatgamecompany chini ya uongozi wa Jenova Chen. Haina neno hata moja linalosemwa. Msafiri aliyejifunika vazi anavuka jangwa kuelekea mlimani, na njiani anaweza kukutana na mchezaji mwingine wa kweli asiyemjua, ambaye hawezi kuzungumza naye ila kwa mlio mfupi. Mwishoni anaanguka kwenye theluji, anainuliwa, anapaa hadi kileleni, kisha anageuka nuru inayoruka kurudi pale pale jangwani alikoanzia. Majina ya wasafiri aliokutana nao huonyeshwa hapo mwisho tu. Kinachonigusa ni kwamba anayeianza upya huanza akiwa anaijua njia, na mara nyingi hujikuta akimwongoza mgeni. Hicho ndicho kitu alichorudi nacho, na hakuna aliyemlazimisha kukitoa.

Iliyo karibu nasi zaidi ni Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Ilibuniwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kumpoteza baba yake, na inaweza kuchezwa huku wahusika wakizungumza Kiswahili. Kijana Zuberi amefiwa na baba, naye anasoma hadithi aliyoachiwa na marehemu. Ndani ya hadithi hiyo mganga kijana, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, wakaweka ahadi: Zau amletee roho tatu kuu zilizokataa kuondoka, naye arudishiwe baba yake. Ana barakoa mbili, ya jua na ya mwezi, na mchezaji huzibadilisha katikati ya pambano.

Lakini sehemu niliyoikumbuka baadaye haina pambano. Hapa na pale pana mbuyu, na Zau akiketi chini yake huzungumza juu ya uchungu wake na uhai wake ukaongezeka. Katika gemu nyingi nguvu huongezeka kwa kuua. Hapa mchezaji huongezewa uhai kwa kuketi na kukubali kwamba inauma, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa matangani analielewa bila kufafanuliwa. Mwishoni (asiyetaka kuujua aruke aya hii) Zau hampati baba. Anafikia kumuaga, na Zuberi pia, anayefunga hadithi ile akiwa hai na mwenye siku za mbele. Amerudi bila kile alichokifuata. Naiona kuwa safari kamili kuliko nyingi zinazomalizika kwa taji.

Hapa Nairobi wengi walijifunzia gemu katika mabanda ya PlayStation mitaani, Kayole, Umoja, Kawangware na kwingineko, ambako mwenye banda hulipwa kwa mechi au kwa dakika. Utaratibu huo unazifaa gemu za mpira, lakini hadithi ndefu huikata vibaya: hela huisha shujaa akiwa bado anafunzwa kushika upanga, na ukirudi kesho huenda mwingine ameanza upya juu ya ulipohifadhi. Kwa hiyo wapo vijana wanaoijua mianzo ya gemu kadhaa kwa undani, bila kuufikia mwisho wa hata moja. Wakianza kutengeneza zao, na wanaanza, ninatamani wasiichukulie mianzo hiyo kuwa ndiyo safari yote.

Mara kwa mara nasikia watu wakisema kwamba Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani, anafaa kutengenezewa gemu, na ninakubaliana nao kwa moyo wote. Sehemu ya gerezani inajitengeneza yenyewe: tupa imefichwa ndani ya mkate alioleta Saada, kijakazi wa mama yake, ngoma ya gungu inachezwa nje, na mchezaji akate pingu ngoma inapolia tu, kwani ikinyamaza walinzi watasikia. Ugumu uko baadaye. Liyongo hauawi na adui mkuu. Anauawa na mwanawe, kwa sindano ya shaba kitovuni, naye anakufa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye upinde, hivi kwamba watu wanamdhania yu hai na wanaogopa kuteka maji.

Shujaa huyu harudi, na muundo wa Campbell haumtoshi vizuri. Hata hivyo gemu isikome sindano inapochomwa. Padi ihamie mikononi mwa mtu wa mji anayehitaji maji, mwenye mtungi na bila silaha, anayekwenda kisimani, kumwona yule mpiga upinde, na kulazimika kuamua atasogea hatua ngapi. Mama wa Liyongo aje kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo. Kijana aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme kwa kumuua babaye awe anatembea katika mji ule ule, na kila anayekutana naye awe na neno la kumwambia. Yote hayo yanawezekana kwa mazungumzo ya maandishi tu, kama yale ya Dragon Quest, na studio ya watu watatu inaweza kuyaandika kabla haijachora hata upanga mmoja.