Mkono uliogoma kulala: kumbukumbu ya mradi wangu wa Bao, wiki ya sita

Umelala! Jana saa nne usiku, hapa Ilomba, Mbeya, nimevaa masweta mawili kwa baridi hii ya Julai, mkono wa Bao ulionitesa wiki tatu (mkono ni zamu moja ya kusambaza kete shimo kwa shimo, nao hulala kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu) ulizunguka, programu yangu ikautambua, ikausimamisha mahali panapostahili. Nimeujaribu mara kumi na mbili kabla ya kuamini.

Mnaofuatilia mnakumbuka kwamba kozi hii fupi ya jioni, michezo ya video na jamii, inadai kazi moja ya mwisho: insha, au mchezo unaochezeka. Nilianza na insha kuhusu vibanda vya gemu vya Mwanjelwa na suala la uraibu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Niliandika kurasa nne nikakwama. Vijana niliokaa nao kibandani wanalipa kwa mechi, hela ikiisha pedi anachukua mwingine, na foleni nzima inamshangilia au inamzomea. Bado naamini kuna insha nzuri pale, ila si ya uraibu.

Kilichonitoa kwenye insha ni kipindi cha darasani kuhusu Elizabeth Magie. Mwaka 1904, huko Marekani, alipata hataza ya mchezo wa ubao ulioitwa The Landlord's Game, ili mchezaji aone mwenyewe jinsi kodi anayolipwa mwenye ardhi inavyomnenepesha yeye na kuwakausha wengine. Hoja yake yote ameiweka ndani ya kanuni. Nilirudi nyumbani kwa daladala nikijiuliza kanuni za Bao zinasema nini kuhusu sisi, na kabla sijafika Kabwe mradi ulikuwa umebadilika: Bao la Kiswahili kwenye simu, mashimo 32, kete 64, namua (awamu ya kwanza, ya kuingiza kete za mkononi) na mtaji (awamu ya pili, kete zote zikiwa ubaoni), nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji) na haki zake zote.

Namua ilinichukua siku nne tu. Kete 22 mkononi kwa kila mchezaji, kula kete za mwenzako, kuanzia kichwani (shimo la ukingoni la safu ya mbele), kulala nyumbani au kusafiri, yaani kuzibeba kete za nyumba na kuendelea, vyote vikatii. Mtaji ndio ulioniua. Kila baada ya michezo michache simu iliganda kabisa, haipokei hata kidole. Nikadhani nimekosea upande: ukila kwenye kimbi (shimo la jirani na kichwa) au kichwa lazima uanzie kichwa cha upande huohuo, na kwa mchezaji wa juu kulia na kushoto vinageuka. Kweli nilikuwa nimekosea. Nikarekebisha. Simu ikaendelea kuganda.

Hapo ndipo nilipokubali jambo ambalo wachunguzi wa Bao walishaliandika: ipo mikono isiyokwisha. Kula kuna mwisho, maana kete za mwenzako zinapungua kila unapokula. Lakini mkono ukifika mahali haupati tena cha kula, unaweza kuzungukia kete zako mwenyewe, kila kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, milele. Kitanzi cha programu yangu, sehemu inayorudia hatua, kilikuwa kinasubiri shimo tupu ambalo haliji.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuhesabu: hatua zikipita 100, kata. Niliichukia tangu siku ya kwanza. Mia imetoka wapi? Mkono mrefu halali unakatwa kwa sababu ya namba niliyoitunga mimi. Dawa ya pili ndiyo ya haki: kila hatua hifadhi hali nzima ya bao, shimo unapoanzia na upande unaoelekea. Vitatu hivyo vikijirudia pamoja, mkono haulali tena, hakuna ubishi.

Nikaandika. Kuganda kukaisha, ukaja ugonjwa mbaya zaidi: mikono mizima ikawa inakatwa. Si yote, baadhi tu. Siku tisa! Niliazima bao la mbao, nikapanga kete za komwe, nikawa naufuata mkono kwa vidole huku nikisoma hatua kwenye skrini. Hatua ya 23 programu ikasema hali imejirudia. Nikatazama bao langu: shimo ni lilelile la hatua ya 9, upande uleule, lakini kete haziko hivyo hata kidogo.

Basi nikaelewa. Kwenye lugha ya Godot, programu ninayotengenezea mchezo, ukiweka orodha ndani ya historia unakuwa hujahifadhi nakala, umehifadhi orodha ileile inayoendelea kubadilika. Historia yangu nzima ilikuwa bao moja, la sasa hivi, limerudiwa mara ishirini. Kwa hiyo kila mkono ulipoanzia shimo lilelile mara ya pili, ulihukumiwa. Dawa ilikuwa neno moja, duplicate (tengeneza nakala), mwisho wa mstari wa 214. Siku tisa kwa neno moja.

Simlaumu Godot. Ni bure, faili la kupakua ni dogo, na kompyuta yangu ya mtumba inaiendesha bila kulia feni. Unity, programu nyingine ya aina hiyo, ilitaka gigabaiti kadhaa kabla sijachora hata shimo moja, na kwa bando za hapa huo ni mzigo. Ila maelezo ya orodha yangeandikwa kwa herufi kubwa na nyekundu.

Sasa, ukishautambua mkono usiolala, uufanyeje? Nilikwenda kijiwe cha bao pale Mafiati, nikawapangia wazee hali ile. Wakaucheza hadi ukarudi ulipoanzia. Kimya. Mzee fundi baiskeli akaweka kete chini, akamwambia mwenzake, "Haya, tukubaliane." Wakaangaliana, wakaona ulale pale, wakaendelea. Wala hawakuniuliza kanuni inasemaje. Nikawaambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikakimbia nyumbani.

Kukubaliana kunataka watu wawili, kwa hiyo nimefuta mpango wa kutengeneza mpinzani wa kompyuta, niliokuwa nimeutengea wiki ya saba yote. Mkono ukijirudia, programu inasimama na kuwauliza wachezaji wawili: ulale hapa, urudiwe, au mchezo uwe sare? Haiendelei mpaka wote wawili wabonyeze jibu moja. Sehemu hii imeandikwa tayari, mistari 31. Jumamosi naipeleka Mafiati, na simu ya dada yangu nimeshaiomba.