Mimi nina pumu, baba yake ana pumu ya ngozi: mtoto tulimlea hivi

Daktari wa watoto alipoanza kuuliza habari za ukoo, mama mkwe alikunja uso. "Anayejikuna ni mtoto, sisi tunaingiaje?" Daktari akacheka, akaendelea kuandika: nani ana pumu, nani ana pumu ya ngozi (ukurutu, ngozi kavu inayowasha), nani hupiga chafya msimu wa chavua, nani huvimba akila kitu fulani. Wenye uzito zaidi, alisema, ni baba, mama na ndugu wa tumbo moja. Mzazi mmoja akiwa na mzio, uwezekano wa mtoto kuupata hupanda. Wakiwa nao wote wawili, hupanda zaidi. Sisi tulikuwa kundi la mwisho.

Ila kinachorithiwa ni mwelekeo tu. Mama anayevimba akila samaki anaweza kuzaa mtoto anayekula samaki vizuri lakini akabanwa kifua na vumbi. Wengine hurithi hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia ngozi kushika maji na kuzuia vitu kupenya. Na wataalamu wengi wanaona kwamba chakula kinachoingia kupitia ngozi iliyopasuka huufanya mwili ukione adui, ilhali kile kinachopita mdomoni mapema huuzoeza.

Basi nikaanza na ngozi. Mashavu ya binti yangu yalikuwa mekundu, yanakwaruza kama msasa, na nyuma ya magoti palitoa majimaji. Nilimwogesha kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, bila sabuni yenye manukato. Nikimtoa namkausha kwa kumgusagusa na taulo, simsugui, kisha nampaka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Palipowaka sana nilitumia krimu ya steroidi kwa kiasi alichoandika daktari, ingawa nyumbani walinipigia kelele. Anayekula karanga alinawa kwanza kabla ya kumbeba. Nisieleweke vibaya: kupaka mafuta kila mtoto mchanga si kinga. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, kwa watoto wa familia kama yetu, haukuona kwamba kufanya hivyo kunazuia pumu ya ngozi. Mimi nilikuwa natibu.

Shemeji yangu mvutaji alihamishiwa nje, na nguo zenye moshi hazikumkaribia mtoto. Hilo halikuhitaji mjadala.

Mjadala ulikuwa kwenye chakula. Mama yangu alitaka niache mayai na karanga wakati nanyonyesha. Daktari akasema hakuna faida, nile. Lakini sikumlaumu mama. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe walishauri watoto wa familia zenye mzio wasipewe karanga kabla ya miaka 3, ushauri ulioachwa mwaka 2008. Kisha mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti wa London uliofuatilia watoto zaidi ya 600 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Kufikia umri wa miaka 5, kati ya waliokatazwa karanga, 17 hivi katika kila 100 walikuwa na mzio wake. Kati ya waliokula tangu uchanga, 3 hivi.

Kwa kuwa ngozi ya binti yangu ilikuwa mbaya, alipimwa mzio kwanza, kwa kudondoshewa vitone mkononi na kuchomwa kidogo juu yake. Yalipotoka majibu mazuri, tukaanza na yai lililoiva kabisa, kisha siagi ya karanga iliyolainishwa kwa maziwa yangu, ncha ya kijiko. Karanga nzima humkaba mtoto, hiyo haipewi. Tulimwonjesha asubuhi, akiwa mzima, ili tumtazame mchana kutwa. Midomo ikivimba, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida, ni hospitali mara moja.

Karanga bado anakula kila wiki, maana daktari alikataa tumwonjeshe kisha tuache. Vumbi ndilo linalompa chafya, kama mimi, kwa hiyo shuka zake zinafuliwa kwa maji ya moto.