Siku moja na daftari la wakala

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai ya rangi mkononi, nasoma rasimu ya mwanafunzi wangu wa uzamili. Anadai simu ya mkononi imeinua kipato cha wakulima. Nimemwandikia pembeni: wakulima wa zao gani? Utafiti wa Muto na Yamano, uliochapishwa 2009, ulionyesha kuwa mtandao wa simu ulipofika vijijini Uganda, waliouza ndizi waliongezeka, hasa mbali na miji ya wilaya. Kwa mahindi, hakuna lililobadilika. Ndizi huoza, mahindi husubiri guniani.

Saa tatu. Mhadhara hapa Makerere kuhusu kodi ya 2018. Julai ilianza kwa asilimia 1 ya kila muamala wa pesa za simu. Watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa tu. "Kodi ndogo hivyo inamuumiza nani?" kijana akauliza. Nikapiga hesabu ubaoni: ukitoa milioni moja, 5,000 zinakatwa, mbali na ada ya kampuni. Mwenye akaunti ya benki atapitia huko. Asiye nayo je?

Saa sita, kikao cha idara. Tuachane nacho.

Saa nane nateremka Wandegeya, mtaa wa jirani. Dada wa Arua, wakala mwenye kibanda cha pesa za simu, ananipokea: "Mwalimu, umekuja kunichungulia tena?" Nafuatilia jinsi floti, salio la wakala kwenye simu, inavyokauka: wafanyabiashara wakija kuweka mauzo yao inaisha, msimu wa karo ukifika mambo yanakuwa magumu zaidi. Amenifungulia daftari, kalamu imefungwa kwa uzi. Mistari miwili, namba moja ya simu, dakika zilezile.

"Huyu kaweka mara mbili?"

Akacheka. "Mara moja, mwalimu. Mimi ndiye niliyeigawa pesa yake iwe miamala miwili. Kamisheni inanona kidogo."

Kampuni zinakataza, ndiyo maana simtaji jina. Lakini fikiria mtafiti anayepewa jumla ya miamala tu: ataandika kwamba matumizi yamepanda. Mwaka 1987 mchumi Robert Solow alilalamika kuwa kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Huku kwetu naona mara nyingine takwimu ndizo zinazotangulia hali halisi.

Saa mbili usiku. Namwandikia yule mwanafunzi: hesabu wateja, usihesabu miamala, na wiki ijayo twende wote Wandegeya. Bando limekata kabla ujumbe haujaondoka. Nanunua jingine, pamoja na kodi ya intaneti ya asilimia 12 iliyoanza 2021.