Mwosha Huoshwa: Nilivyosimamia Kifo cha Kudumu kwenye Seva ya Uhalifu

Kwenye seva za kuigiza maisha ya uhalifu, zile za mchezo wa kompyuta wa GTA V zinazoendeshwa kupitia FiveM, programu inayowaruhusu watu kuendesha seva zao wenyewe za mchezo huo, kufa kwa kawaida ni jambo jepesi mno. Unapigwa risasi, unaanguka, unawasubiri watu wa gari la wagonjwa. Wasipofika, unaamka hospitalini, na kanuni inasema umesahau yote yaliyosababisha uanguke. Muda si mrefu uko barabarani tena. Nilipokabidhiwa usimamizi wa upande wa magenge kwenye seva yetu, karibu kila lalamiko lililonifikia lilianzia hapo: watu hawaogopi. Unamwekea mtu bastola kisogoni, naye anacheka na kuchomoa yake, kwa sababu anajua akipoteza sana atapoteza muda wa kusubiri.

Dawa waliyoitaka wote ilikuwa CK, yaani "character kill": mhusika akifa amekufa, hafufuki, na mchezaji anaanza upya na mtu mwingine kabisa. Wazo si geni. Rogue, mchezo wa mwaka 1980, ulikuwa hivyo, na Diablo II ya mwaka 2000 iliweka hali ya Hardcore kwa wanaoitaka. Ila huko anayekuua mara nyingi ni zimwi la kompyuta, halina kinyongo nawe. Kwetu anayekuua ni binadamu mwenye hasira, pengine hasira ya jana usiku kwenye Discord, programu tunayopigia soga nje ya mchezo, na mhusika anayekufa amelelewa kwa miezi, ana marafiki, ana madeni, ana namna yake ya kuongea. Kumpa binadamu huyo ruhusa ya kufuta kazi ya mwenzake kwa risasi moja niliona ni kukaribisha fujo.

Kwa hiyo nilianza kwa kumwondolea muuaji uamuzi. CK inaombwa kabla ya kuua, siyo baada ya maiti kulala chini. Mwombaji analeta sababu iliyozaliwa ndani ya mchezo pamoja na klipu za hatua zilizotangulia. Mimi nilikuwa nasoma hatua kuliko sababu, maana sababu kila mtu anayo. Aliyetukanwa kwenye kituo cha mafuta akaja kuomba CK nilimrudisha: kampige kwanza, mwibie gari, mtumie vijana wamtishe. Swali langu lilikuwa moja tu. Je, huyu anayetafutwa alipata nafasi ya kujua kwamba ana adui, akaweza kulipa, kukimbia au kuomba radhi? Kama hakuna alichoweza kufanya kujinusuru, ombi lilikufa lenyewe.

Kisha tukaweka kifungu tulichokiita mwosha huoshwa. Ukiomba CK ya mtu, mhusika wako naye yuko mezani kwa ugomvi huohuo. Jaribio lako likishindwa, upande wa pili una haki ya kukumaliza bila kuomba upya. Likifaulu, polisi wanafungua jalada, na wapelelezi wakikufikisha mahakamani kwa ushahidi wa ndani ya mchezo, hukumu ni kifungo cha maisha, yaani mhusika wako naye ametoweka. Mabosi wa magenge walinijia juu vibaya. Mmoja aliniambia nimeua uhalifu wenyewe. Wajanja wakaanza kutuma wauaji wa kukodi ili wao wasiguswe, tukaongeza mstari mmoja: anayetuma naye yumo. Baada ya hapo maombi yalipungua sana, na yaliyobaki yalikuwa na uzito.

Lililonipa kazi kuliko yote lilihusu mhasibu wa genge aliyekuwa akichota fedha za wenzake kidogo kidogo. Ushahidi ulikuwepo, maonyo mawili yalitolewa ndani ya mchezo, na hakukimbia. Niliruhusu, kwa sharti kwamba akamatwe akiwa hai na apewe nafasi ya kujitetea. Walimpeleka ghalani. Mchezaji yule, ambaye mchana kutwa alikuwa ananitumia ujumbe wa kulalamika, alipoketi kwenye kile kiti aliandika kwa /me, amri ya kueleza kwa maandishi anachofanya mhusika, jinsi mikono ilivyomtetemeka, akataja kila aliyekula naye, akamtaja hata bosi msaidizi. Wakamuua. Lakini majina yale yalibaki chumbani, na wiki zilizofuata genge liligawanyika vipande viwili. Hadithi hiyo isingetokea kama angepigwa risasi akiwa anashuka kwenye gari.

Mali ndiyo sehemu ambayo wasimamizi wengi huisahau, na ndipo watu hudanganya. Anayehisi anatafutwa huhamishia fedha kwa rafiki, kisha mhusika wake mpya "anasaidiwa" na rafiki huyo. Tulikuwa tunakagua kumbukumbu za miamala ya kipindi cha kabla ya kifo, na kinachonuka kinarudishwa. Nyumba na magari ya marehemu yanapigwa mnada ndani ya mchezo. Mhusika mpya haruhusiwi kuwa ndugu wa marehemu, kurudi genge lilelile mapema, wala kujua nani aliua. Waliochangia gharama za seva walitaka kinga ya CK. Nilikataa katakata. Nafasi ya kuingia bila kupanga foleni ni ya mchezaji, hiyo inabaki. Uhai wa mhusika hauuzwi.

Mtandao ukikwama au skrini za watu wawili zikionyesha mambo mawili tofauti, kifo hakihesabiwi. Kumbukumbu za seva zinaonyesha nani alimpiga nani na kwa silaha gani, lakini hazionyeshi kama uliyempiga alikuwa ameganda kwenye skrini yako. Hapo nilimpa mfu faida ya shaka, hata nilipomshuku.

Si kila mtu aliridhika. Mchezaji mmoja mzuri, aliyefuata kila kanuni na kufa kihalali, aliaga na hakurudi. Nilirudia kesi yake mara kadhaa na bado ningetoa uamuzi uleule. Mpango wa haki hauondoi uchungu, na msimamizi anayetaka kila mtu atoke akicheka ataishia kufufua wafu kila wiki.

Tunalobishania hadi leo ni polisi. Wao hupigwa risasi kila siku kwa sababu ya kazi, si kwa ugomvi, hivyo masharti ya hatua zilizotangulia hayawakai vizuri. Kwa sasa askari anaweza kuuawa kwa CK tu akiwa amepokea rushwa au ameingia mwenyewe kwa siri ndani ya genge. Wahalifu wanasema tumewapendelea. Polisi nao wanasema ndiyo maana hakuna anayekubali tena kazi ya upelelezi wa siri, na katika hilo nadhani wana hoja, kwa hiyo kifungu hicho kiko mezani tena.