Nilivyoigeuza ofisi yangu ya uhasibu kuwa kampuni bila kujidanganya

Wahasibu wengi hapa Kampala wanaamini kwamba mtu akishasajili kampuni pale URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, nyumba yake na kiwanja chake viko salama. Nami nilisajili, wala sijuti. Wateja wakubwa hawapendi kulipa kwenye akaunti ya mtu binafsi, na pango la ofisi sasa ni deni la kampuni. Ila kabla ya kulipia usajili nilimwendea wakili mmoja, mama anayezijua kesi za watu wa taaluma yetu, akaniambia jambo lililoongoza yote niliyofanya baadaye: kampuni hubeba madeni yake, lakini haifuti uzembe wa mkono uliotia sahihi. Mteja aliyepata hasara anaweza kuishtaki kampuni, na nikionekana nilijitwika dhamana ya kazi ile mimi mwenyewe, akaniunganisha kwenye kesi hiyohiyo. Tena cheti changu cha ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda, kina jina langu, kwa hiyo adhabu ya kinidhamu itanikuta mimi.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2012 inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuliondoa pazia la kampuni, yaani kuwafikia watu walio nyuma yake, pale kampuni au wakurugenzi wake wanapohusika na udanganyifu au ukwepaji wa kodi. Kwa mtu anayeshinda kutwa akijaza ritani, yaani fomu za kodi, za URA, mamlaka ya mapato, hilo si jambo la mbali.

Kazi ya kwanza ikawa wateja wa zamani. Hao waliandikiana nami, si na kampuni, na kampuni haiwezi kurithi makubaliano kimyakimya. Nilimwandikia kila mmoja barua mpya: kuanzia tarehe fulani mtoa huduma ni kampuni, huduma ni hizi, zisizokuwemo ni hizi, nyaraka zitaletwa na mteja kabla ya siku fulani, na fidia ikidaiwa haitazidi kiasi tulichokubaliana. Wafanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla hapa Kampala, wanaozungumza Kiswahili niliwaandikia kwa Kiswahili pia, kwa sababu sahihi ya mtu asiyeelewa anachosaini haina nguvu ninayoitaka. Ukaguzi wa hesabu niliuacha nje kabisa. Mteja ambaye vitabu vyake tunaviandika sisi hupelekwa kwa mkaguzi mwingine; huwezi kuandika vitabu asubuhi ukavikagua jioni.

Kwenye bima ndipo nilipouliza maswali mengi kuliko popote, na ningependa wenzangu waulize vilevile. Bima ya dhima ya kitaaluma, ile ya kulipa mteja anapodai hasara iliyotokana na kosa la kazi yetu, kwa kawaida hulipa madai yanayoletwa wakati bima iko hai, hata kama kazi ilifanyika miaka ya nyuma. Dai la mkataba kwa sheria zetu linaweza kuletwa ndani ya miaka 6. Sasa fikiria: bima mpya imeandikwa jina la kampuni peke yake, na dai linatokana na ritani niliyoijaza nikiwa bado mtu binafsi. Nani atalipa? Nilikataa kusaini mpaka mambo mawili yaandikwe, kwamba kazi za kabla ya kampuni zimo, na kwamba mimi na wafanyakazi wangu tunalindwa kwa majina yetu pamoja na kampuni. Ada ilipanda. Nililipa.

Halafu kuna barua za benki. Haji mmoja anayeingiza vitenge alikuja akitaka mkopo, na benki ilitaka barua ya mhasibu kuthibitisha mapato yake.

"Mwanangu, andika tu kwamba biashara ni nzuri. Wewe unanijua," akasema.

Ninamjua, na ninamheshimu. Lakini anayeisoma barua hiyo ni benki, na tangu kesi ya Hedley Byrne iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1963, ambayo mawakili wa huku huitegemea sana, mtaalamu anaweza kuwajibika kwa mtu asiyemlipa hata shilingi ikiwa alijua ataitegemea kauli yake. Nilimweleza Haji taratibu, tukinywa chai. Nikaandika kile nilichokiona: mauzo yaliyomo kwenye ritani zake za miezi fulani, kwa nyaraka alizoleta, ambazo hatukuzikagua, barua ni ya benki hiyo, kwa mkopo huo tu. Hakuna "biashara ni nzuri". Nilisaini kwa niaba ya kampuni, kwenye karatasi yenye jina la kampuni. Haji hakufurahi siku ile, ila aliendelea kuwa mteja wangu.

Kuhusu fedha chafu, yaani fedha za uhalifu zinazofanywa zionekane halali, sheria ya mwaka 2013 inatutaja wahasibu. Tumejiandikisha kwa Mamlaka ya Intelijensia ya Fedha, FIA, tuna afisa anayehusika, na kumbukumbu tunazitunza miaka 10. Uganda ilikaa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha chafu, tangu Februari 2020 hadi Februari 2024, kwa hiyo ukaguzi wa mambo haya si maneno matupu. Ninachowasisitizia vijana wangu ni hiki: ukitoa taarifa ya muamala unaoutilia shaka, usimdokeze mteja, hata awe shemeji yako. Kumdokeza ni kosa la jinai.

Fedha za ofisi sizigusi kama mfuko wangu. Napokea mshahara unaokatwa kodi na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na gawio likitoka linakatwa asilimia 15.

Na kwa kuwa mwanahisa ni mimi peke yangu, sheria ilinitaka nitaje watu wawili, mmoja wa kushika uongozi nikifa na mwingine wa akiba. Nimemtaja mhasibu mwenzangu na dada yangu. Mwenzangu nimemwonyesha mahali zilipo barua za wateja, hati ya bima na tarehe za ritani zinazokaribia, na kila bima inapohuishwa tunakaa tena kuzipitia.