Siku Moja Tenganan, kwa Wafumaji wa Geringsing

Saa 12 asubuhi. Niko Candidasa, mashariki mwa Bali, kisiwa cha Indonesia. Kwetu Mombasa nauza vitambaa, na leo nimekuja kuona inavyozaliwa geringsing, kitambaa ninachokienzi kuliko vyote. Nimefunga sarong, mabega nimeyafunika, na noti ndogo za rupia ziko mfukoni kwa ajili ya mchango wa kijiji.

Saa 2. Tenganan Pegringsingan imekaa bondeni, karibu tu na bahari. Watu wake ni Bali Aga, wenyeji wa kale wa kisiwa. Nyumba zimejipanga safu ndefu, na katikati njia ya mawe inapanda daraja kwa daraja. Nyati wanazurura, majogoo wamo matengani. Milango mingi iko wazi, lakini haya ni makazi ya watu. Mwenyeji wangu anatangulia kubisha, nami nangoja nje hadi niitwe.

Saa 3. "Om swastiastu, Ibu," nasalimu, viganja vimekutana kifuani. Mama anaitikia, ananionyesha pa kukaa, kisha anarudi kazini. Ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, na mtande, yaani nyuzi za urefu, umekazwa kwa mkanda uliozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza, akiinama, zinalegea. Mwili wake ni sehemu ya mtambo.

Vitambaa vingi vya ikat, ambavyo mchoro wake hutokana na kufunga nyuzi kabla ya kuzitia rangi, hufungwa uzi wa upande mmoja tu. Geringsing hufungwa pande zote mbili, mtande na mshindio (nyuzi za kukata upana), kabla uzi mmoja haujafumwa. Maana yake ni kwamba kila alama ya mshindio lazima iangukie alama yake kwenye mtande. Mama anapitisha uzi, anasimama, anachukua kijiti chenye ncha na kuzisogeza nyuzi moja moja mpaka ua linyooke. Kisha anapitisha mwingine. Nje ya hapa, ufumaji wa namna hii unajulikana Patan huko Gujarat, Japani, na sehemu chache sana nyinginezo. Gujarat hiyo hiyo ndiyo iliyoileta pamba yake pwani yetu kwa karne nyingi.

Naomba ruhusa ya kupiga picha. "Mikono na kitambaa, sawa. Uso uuache," anajibu kupitia kwa mwenyeji wangu. Naufuata mpaka huo bila kuuliza sababu.

Saa 6. Wali, mboga, pilipili ya kuchoma roho. Tunapumzika.

Saa 8. Rangi. Uzi wa pamba hulowekwa kwanza kwa mafuta ya kemiri, kokwa za mti fulani, na maji ya majivu, wiki baada ya wiki, ndipo uweze kushika wekundu. Nili, rangi ya buluu, hutiwa Bugbug, kijiji jirani. Nyekundu hutoka kwenye maganda ya mizizi ya mengkudu, mti ambao wengine huuita noni, na uzi huchovywa na kukaushwa tena na tena. Kitambaa kimoja kinaweza kuchukua miaka. Wabali hukiamini kuwa kinga, na kijana anapochongwa meno kwa ibada, geringsing huwa karibu naye.

Saa 9 na nusu. Bei. Mama anataja, nami nalipa alichotaja. Mimi ni mtu wa soko na kupatana bei ni riziki yangu, ila kumpunguzia mtu malipo ya mizizi, mafuta na miaka ya mgongo wake ni dhuluma. Asiye na uwezo atazame, ashukuru, anunue kitu kidogo. Na anayenunua achunguze: geringsing ya kweli ina mchoro sawa mbele na nyuma, na kingo za mchoro zimefifia kidogo kwenda juu na kwenda pembeni. Uzi ukifungwa upande mmoja tu, ufifiaji huwa wa upande mmoja.

Saa 12 jioni. Nawaandikia wateja wangu Mombasa. Sitaagiza mzigo. Anayetaka geringsing atanipa pesa za kutanguliza, zitafika kwa mfumaji mwenyewe, naye atangoja hadi uzi uwe tayari.